Mzee Margwe na Kengele Isiyo na Macho

Mzee Bonaventura Margwe wa Mogitu alikuwa mtu wa kuamuru. Tangu ujana wake alilima kwa maksai, mashamba yake na ya majirani, na mtu aliyezoea kutamka neno moja maksai wote wakageuka pamoja hawezi tena kujifunza kubembeleza uzeeni. Aliwaamuru watoto wake mpaka wakaoa na kuolewa. Alimwamuru mkewe mpaka siku Mungu alipomchukua, ingawa waliomfahamu marehemu wanasema mama yule alikuwa akiitikia tu, kisha anafanya lake. Hata mvua aliiamuru, akiwa amesimama mlangoni na kuutazama mlima Hanang kwa hasira, na mara mojamoja ilitii.

Halafu kiharusi kikamshika, asubuhi moja akiwa zizini. Hakikumuua, lakini mkono wa kulia na mguu wa kulia vikaacha kumsikia. Hilo lilimuudhi kuliko maumivu yenyewe. Mkono aliozaliwa nao, aliokula nao ugali miaka yote, anauambia njoo, nao umelala tu kama mlevi wa mnadani.

Nyumbani alibaki na Evaline, mke wa mwanawe Herman. Herman ni fundi uashi, mtu wa kufuata kazi inapoitwa. Wakati huo alikuwa Singida akijenga madarasa, na Mogitu alionekana sikukuu hadi sikukuu. Mtoto wao, Letisia, alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, mzee na mkwe wake, na shida yote ilianzia hapo.

Kwa jinsi Mzee Margwe alivyolelewa, baba na mke wa mwanawe huheshimiana kwa mbali. Baba hamwiti mkwe jina. Hamkazii macho. Akitaka kitu hamwambii "niletee". Anauambia ukuta.

"Sijui kama katika nyumba hii kuna maji ya kunywa," angesema, akiutazama ukuta wa upande wa kalenda.

Ukuta ulinyamaza, Evaline akaleta maji, akapiga goti kidogo, akaweka, akaondoka. Miaka yote utaratibu huo uliwafaa, kwa sababu mzee alikuwa na miguu yake. Sasa alikuwa amelazwa sebuleni karibu na dirisha, na mengine anayoyahitaji mtu wa kitandani hata ukuta huwezi kuuambia. Akibanwa haja alijikaza, akasubiri mpaka jirani yake Yonas aje jioni kutazama taarifa ya habari, ndipo amnong'oneze juu ya kopo. Giza likiingia, alikaa gizani kuliko kumwita mkwe aje kubonyeza swichi. Wenzake wanakufa kwa ugonjwa. Yeye alikuwa tayari kufa kwa adabu.

Binti yake Judica, muuguzi huko Babati, alipoyajua hayo alikuja juu.

"Baba, unahamia kwangu. Nimemaliza."

Kwa Judica ni nyumba ya kupanga iliyozungukwa na uzio wa matofali, na dirisha la chumba cha wageni linatazamana na choo cha jirani. Mogitu, dirisha la mzee lilitazama mlima, na chini ya mlima lilitazama zizi, na zizini walikuwemo ng'ombe aliowajua kwa mwendo na kwa tabia. Alijibu kwamba afadhali wamzike akiwa hai. Judica, ambaye kama alirithi kitu kwa baba yake basi alirithi amri, akasema sawa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakuja na gari. Akimkuta anaweza kumwita mtu na kuwasha taa yake bila kumsubiri Yonas, atamwacha. Akimkuta hawezi, anampakia.

Tumtendee haki dada huyu, maana hakumwacha mzee mikono mitupu. Alimletea kutoka mjini rimoti ya vyote, kubwa kama kipande cha sabuni ya mche, yenye vitufe vya mpira vipana kama vizibo vya soda, ili mkono wa kushoto uweze kuvibonyeza. Na akipita mnada wa Katesh alinunua taa ya rimoti na kengele ya mlangoni isiyotumia waya. Kengele yenyewe ilikuwa ya betri, na Evaline angeweza kuifunga kwenye kanga yake akaenda nayo shambani. Kitufe chake kingebaki kwa mzee.

Lakini kitufe kilikuwa kidogo na kigumu. Kila mzee alipokigusa kwa kidole cha kushoto kilikimbilia uvunguni. Judica akakitia kamba, akamvika baba yake shingoni. Mzee alikivua hapohapo.

"Anayevishwa kengele shingoni ni ng'ombe," alisema. "Na mimi ndiye niliyekuwa nawavisha."

Rimoti ndogo ya taa nayo ilipotelea kwenye mablanketi, ikapatikana, ikapotea tena. Mzee hakuisikitikia. Mchungaji mwenye fimbo tatu, alisema, ni mtu asiyejua kuchunga. Alitaka fimbo moja, na fimbo hiyo ilikuwa ile rimoti kubwa. Televisheni iliitii. King'amuzi kilitii. Na kama kweli inaitwa ya vyote, basi taa na kengele vilikuwa vikaidi tu, kama ndama wa nira ya kwanza, na dawa ya ukaidi yeye aliijua.

Akaanza kuvifundisha. Aliielekeza rimoti kwenye kengele, akabonyeza kitufe kimoja baada ya kingine. Kimya. Akauambia ukuta kwamba kengele ingekuwa karibu kidogo pengine ingesikia. Evaline akaileta karibu, akaishika mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Mzee akabonyeza kwa nguvu zote, na nyuma ya Evaline televisheni ikazima.

Yonas, ambaye hajawahi kukosa maoni, alisema ni betri. Akazitoa, akazianika juu ya jiwe juani, akaziuma kidogo kwa meno ya pembeni kama tulivyofundishwa sote, akazirudisha. Kengele haikuguswa na jitihada hizo. Kisha Yonas akakumbuka kwamba shemeji yake wa Bashay aliwahi kusema ukikishikilia kitufe cha juu rimoti inajitafutia yenyewe. Wakakishikilia katikati ya taarifa ya habari. Rimoti ikatafuta kweli. Ikaipeleka televisheni kwenye lugha isiyojulikana na yeyote Mogitu, ikaigeuza picha kuwa ya kijani, na wasomaji wa habari wakawa viumbe wa kutisha mpaka Evaline alipochomoa waya ukutani.

Asubuhi yake, akiwa anafagia, Evaline naye akauambia ukuta:

"Wanasema pale Katesh kuna fundi anaitwa Idd."

Mzee hakujibu, maana hakuambiwa yeye. Lakini Yonas alipokuja alimtuma.

Fundi Idd alifika kwa pikipiki, na begi la vyuma likimgonga mgongoni. Alikuwa kijana wa Kondoa mwenye maneno mengi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Fundi ni neno dogo, mzee. Niachie tu."

Kisha akafanya yaleyale waliyoyafanya Yonas na mzee. Alibonyeza. Akasogea. Akaomba chai. Akaanika betri. Jua lilipofika utosini ndipo alipokata shauri la kuifungua kengele, akaichungulia ndani, akaguna, akacheka peke yake.

"Mzee, tumekuwa tukimkonyeza kipofu."

Akatoa simu yake, akawasha kamera, akaielekeza kwenye pua ya rimoti, akamwambia mzee abonyeze. Kwenye kioo cha simu, pale puani, kikawaka kimwanga ambacho macho yao hayakukiona. Rimoti hii, Idd alieleza, inasema kwa mwanga. Televisheni ina jicho, inaona, inatii. Lakini kengele na taa hazina jicho hata moja. Zenyewe zina masikio, zinasikia mawimbi ya redio, ndiyo maana zinasikia hata nyuma ya ukuta. Ukizikonyeza mpaka Krismasi hazitajua kama uko duniani.

Mzee alifikiri kidogo. Kanisani kwao, padri wa kutoka mikoa mingine anapohubiri Kiswahili, katekista husimama pembeni akiwageuzia wazee maneno kuwa Kiiraqw.

"Kwa hiyo tunahitaji katekista," alisema.

Idd akampigia makofi. "Hasa! Katekista mwenye jicho mbele na redio nyuma. Mzee, wewe ungekuwa fundi."

Mzee Margwe alijibu kwamba ana kazi yake.

Katekista alitengenezwa kwa siku zaidi ya Idd alizoahidi. Jicho lake lilitoka kwenye feni ya rimoti iliyokufa mota. Idd aliunganisha sehemu iliyokuwa inawasha feni na kitufe cha kengele, na ile ya kubadili mwendo na rimoti ndogo ya taa, iliyokuwa imepatikana tena, akavifungia vyote ndani ya kopo la majarini, jicho likitokeza kwenye tundu la mbele. Kisha akaiweka rimoti ya feni pua kwa pua na rimoti kubwa, ili kubwa ijifunze maneno ya ndogo. Kopo likawekwa juu ya kabati kando ya televisheni. Mzee akabonyeza. Kanga ya Evaline, huko jikoni, ikaimba wimbo wa Krismasi.

Yonas aliangusha kikombe. Mzee alitabasamu kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki na utiifu, kisha akajaribu taa, nayo ikawaka. Muda mfupi baadaye Yonas akarudi mbio kutoka kwake: na yeye alinunua taa ya aina hiyo mnada uleule, na sasa ilikuwa inawaka na kuzima yenyewe juu ya meza yake. Mzee alipoelewa kwamba taa ya Yonas nayo inamsikia katekista wake, alionekana mwenye afya kuliko wakati wowote tangu augue. Idd alipotaka kuitenganisha ile ya Yonas, mzee alimwambia asijisumbue. Ikabidi Yonas ainunulie nyumba yake taa ya kawaida.

Furaha haikudumu. Idd, kwa kuzungumza huku akifanya kazi, alikuwa amekifundisha maneno ya kengele kitufe cha kuongeza sauti. Kesho yake mchana mzee alitaka kusikiliza kwaya, na sauti ilikuwa ndogo. Akabonyeza. Sauti haikupanda. Akabonyeza tena. Kule kwenye mahindi kanga ikaimba, Evaline akatupa jembe, akakimbia.

"Abee, baba!"

"Televisheni hii siku hizi inanong'ona," mzee aliuambia ukuta.

Evaline akatazama huku na huku, hakuona mgonjwa wala moto, akarudi shambani. Hajalishika jembe vizuri, kanga ikaimba. Akakimbia tena. Kwaya ile iliimba sana siku hiyo. Mwishowe mama wa watu alikaa kizingitini anahema, matope mpaka magotini, na kwa heshima zote akageukia ukuta.

"Ewe ukuta, kama unaniitia kwaya, niambie nije na viatu vya kuchezea."

Mzee akapatwa na kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Idd akaitwa, akahamishia kengele kwenye kitufe chekundu cha chini kabisa, akaapa kwa mama yake kwamba sasa kazi imekwisha. Na kweli ilikwisha. Wiki ile mzee aliita, Evaline akaja bila kuuliza lolote. Alikuta kopo la haja tayari limefunikwa gazeti, akalichukua akiwa ametazama pembeni, na hakuna aliyelazimika kutamka kitu. Usiku mzee alizima taa mwenyewe. Aliona amepona nusu.

Ikafika Jumamosi.

Asubuhi Yonas alimtoa mzee nje kwenye kiti aote jua mgongoni, na Evaline akaivaa sebule. Wifi anakuja, tena muuguzi, tena wa mjini! Alipiga deki. Alitoa sandukuni vitambaa vyake vyote alivyodarizi na kufuma tangu akiwa mwali, akavitandika juu ya makochi, juu ya meza, juu ya redio. Kile kizito kuliko vyote, chenye maua mekundu na pindo la sufu, alikikunja mara mbili akamfunika nacho Katekista kuanzia juu mpaka chini, akamtegeshea mbele chombo cha maua ya plastiki. Kopo la majarini mbele ya wageni ni aibu, na kitu chochote cha umeme katika nyumba ya watu wenye adabu huvishwa nguo.

Mzee aliporudishwa ndani aliona sebule imependeza kama altare ya Pasaka. Alimwona na Katekista amevaa. Akafurahi.

"Nyumba hii ina mwenyewe," aliuambia ukuta, na Evaline akainama kuficha uso wake.

Judica akafika na gari la kukodi, dereva akabaki nje. Alisalimia, akanywa chai, akasimama katikati ya sebule amekunja mikono.

"Haya, baba. Tuone."

Kwa makubaliano, Evaline alikwenda mwisho wa shamba na kengele kwenye kanga. Mzee akaishika fimbo yake kwa mkono wa kushoto, akavuta pumzi, akabonyeza kitufe chekundu. Wakasubiri. Kuku akapita mlangoni. Akabonyeza tena, akashikilia. Akajaribu taa. Taa ikabaki imelala. Kwa kuhangaika akabonyeza cha televisheni, nayo ikawaka mara moja, ikaanza kutangaza bei za mahindi.

"Televisheni si mtu, baba," Judica alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali.

Idd akapigiwa simu. Alisema huenda ni jua limezidi, au ni mwezi, na kwamba yuko njiani kuja, ingawa nyuma yake zilisikika kelele za watu wakicheza bao. Judica akakata simu. Akaingia chumbani, akatoka na begi, akaanza kukunja blanketi za baba yake moja moja.

Mzee Margwe hakuamuru kitu. Aliligeukia dirisha. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, hauna wingu, na zizini ng'ombe mmoja mzee alikuwa anajikuna kwenye nguzo. Machozi yalimtoka kwa macho yote mawili, na mkono wa kuyafuta ulikuwa umeshika rimoti. Hakuiachia.

Ndipo Evaline akaingia, jembe begani.

"Mbona umekuja?" Judica akamuuliza. "Kengele haijalia."

"Ndiyo maana nimekuja, wifi. Kimya kilizidi."

Akaliona begi. Akaziona blanketi. Akamtazama mzee, halafu akafuata rimoti inakoelekea, mpaka kwenye kabati, na hapo akatupa jembe chini na kujishika kichwa.

"Mungu wangu! Nimemfunika Katekista uso!"

Akaondoa maua, akavuta kitambaa, na lile jicho dogo jeusi likatokeza. Mzee akabonyeza. Kanga ya Evaline ikaimba Krismasi palepale kiunoni mwake. Taa ikawaka mchana kweupe.

Judica aliitazama taa muda mrefu. Lakini alikuwa binti wa Margwe, hakukubali kirahisi.

"Leo ni kitambaa. Kesho betri. Keshokutwa umeme umekatika, nawe uko shambani. Nimwache baba yangu kwenye mikono ya kopo la majarini?"

Evaline hakuugeukia ukuta. Labda kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alisema mbele ya baba mkwe wake kwa sauti kamili.

"Kopo si la masikio yangu, wifi. Mimi nasikia. Akinyamaza sana, nakuja. Akikohoa vibaya, nakuja. Hata leo nimekuja bila kengele. Kopo hili tumeweka kwa ajili ya aibu yake, aweze kuomba bila kuomba. Mwachie aibu yake, na mimi niachie baba. Herman hayupo, mtoto hayupo. Ukimchukua na huyu, nitabaki naongea na ukuta kweli."

Judica akaketi kwenye kochi, juu ya kitambaa cha kufumwa, blanketi mapajani. Kisha akaanza kuzikunjua, moja moja, akazirudisha kitandani kwa baba yake, akamwambia dereva kupitia dirishani kwamba abiria ni yule yule mmoja.

Alikuwa anamfunika mzee miguu wakati kanga ya Evaline ilipoimba. Ikanyamaza, ikaimba tena. Mzee alikuwa ametazama nje dirishani, uso umekazwa, na kidole cha kushoto kimekandamiza kitufe chekundu.

"Baba!" Judica akasema. "Mtu si huyu hapa amesimama mbele yako? Unamwitia nini tena?"

"Simwiti," alisema Mzee Margwe, bado ameutazama mlima. "Namshukuru."

Akabonyeza tena.

"Abee, baba," Evaline akaitikia.